Kabla ya darasa la kwanza: mtoto ajifunze nini, na kwa nani?

Kila inapofika robo ya mwisho ya mwaka, mazungumzo katika familia nyingi za nchi yetu hugeukia jambo moja: mtoto ataanza wapi darasa la kwanza. Walimu wakuu wa shule za umma hufungua daftari la uandikishaji, na shule binafsi hubandika matangazo ya nafasi na tarehe za usaili. Katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, baada ya sala na tafakari ya Neno la Mungu, akina mama huulizana ni chekechea ipi inayofundisha vizuri. Mara nyingi neno hilo, "vizuri", huwa na maana moja tu: mtoto atoke pale akijua kusoma, kuandika na kuhesabu, na ikiwezekana akiongea Kiingereza.

Ndugu wapendwa, tungependa kulitazama suala hili kwa utulivu zaidi kuliko linavyotazamwa katika msimu wa uandikishaji. Mtoto wa miaka mitano au sita anapaswa kuwa amejifunza nini kabla ya kuvuka kizingiti cha darasa la kwanza? Na ni nani mwenye wajibu wa kumfundisha? Jibu tunalolitetea hapa ni kwamba herufi na tarakimu zina wakati wake, na shule ya msingi iliwekwa kwa ajili hiyo. Kinachotakiwa kutangulia ni lugha iliyokomaa kinywani mwa mtoto, mwili wenye afya, mikono iliyozoea kutenda, moyo unaojua kungoja zamu na kushirikiana na wenzake, na mwanzo wa sala. Mambo hayo, kwa sehemu kubwa, hupatikana nyumbani. Mahali yanapokosekana, herufi zilizowahishwa hufanana na mbegu iliyoanguka penye mwamba: huchipua haraka, na jua likipanda hunyauka.

Sera imesogea, hofu imebaki

Si haki kusema kwamba Serikali imeusahau umri huu. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, elimu ya awali imetambuliwa kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na shule za msingi zikatakiwa kuwa na darasa la awali. Mpango wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 ulileta katika madarasa hayo watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kulipa. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inaunganisha mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama wa mtoto, na ujifunzaji wa awali. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, hatua ambayo wengi tuliipokea kwa shukrani. Mapema mwaka 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inayoweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, miaka sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari.

Lakini mabadiliko hayo yanabeba hatari moja ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Shule ya msingi imepunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Mzazi mwenye hofu akisikia hivyo, hujiuliza namna ya kumwahisha mwanawe ili asiachwe nyuma, na mwenye kituo akiisikia hofu hiyo, huona soko. Hivyo mzigo uliokuwa wa darasa la kwanza na la pili huteremshwa kwa mtoto wa miaka minne, na wa miaka minne huteremshwa kwa wa miaka mitatu. Mwaka mmoja uliopunguzwa juu usije ukalipwa na watoto wadogo walioko chini kabisa ya ngazi.

Matokeo ya hofu hiyo tunayaona katika miji yetu. Mtoto wa miaka mitatu huamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la shule, na hurudi jioni akiwa amesinzia kwenye kiti. Begi lake lina madaftari manne na kazi ya nyumbani ambayo, kwa kweli, hufanywa na dada wa kazi. Mwezi Novemba huvishwa joho na kofia ya mahafali. Kisha hupelekwa kwenye usaili wa darasa la kwanza, ambako hutakiwa kusoma sentensi, tena kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeitumia kumbembeleza. Akishindwa, huambiwa hafai, naye bado hajatimiza hata miaka sita. Shule zinazomilikiwa na taasisi za Kanisa haziwezi kujiona ziko nje ya swali hili. Usaili unaomkataa mtoto mdogo kwa sababu hajui kusoma unampima kwa kile ambacho shule yenyewe iliwekwa kumpa.

Vijijini hali ni nyingine kabisa. Huko yupo mtoto anayekaa umbali wa saa nzima na zaidi kutoka shuleni, naye huishia kwenye kituo shikizi chenye chumba kimoja, au hasomi awali kabisa hadi miguu yake ipate nguvu ya kutembea. Yupo mwingine ambaye darasa la awali liko karibu, lakini ndani yake mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto themanini au mia, ilhali uwiano uliokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu huyo, hata akiwa na moyo wa dhahabu, hana namna nyingine isipokuwa kuwaimbisha irabu kwa pamoja. Watoto hawa wawili, wa mjini anayesukumwa na wa kijijini anayesahauliwa, wanakosa kitu kilekile: mtu mzima mwenye muda wa kuzungumza nao.

Kinachotangulia herufi

Wataalamu wetu wa mitaala walikwisha kuliona hilo. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri wa aina sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Tazama mpangilio huo: kuhusiana kumetangulia, na hisabati imekuja mwisho, tena kama dhana za kutumia katika michezo na maisha. Walimu walielekezwa kupanga kona za ujifunzaji darasani, ili mtoto ashike, apange, ajenge, auze na kununua kwa mchezo. Tatizo halikuwa katika maandishi. Ni kwamba mzazi anayekagua daftari jioni haoni alama ya vema kwenye kuhusiana, kwa hiyo hudhani mtoto hakufundishwa kitu siku hiyo.

Tuanze na lugha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni baraka kubwa kwa mtoto anayejifunza kusoma. Aliyekwisha kuzisikia vizuri silabi za maneno, akijua kwamba "kalamu" na "kaka" yanaanza kwa sauti moja, huunganisha herufi na sauti kwa muda mfupi. Lakini masikio hayo hayajengwi kwa kukariri ubao. Hujengwa na bembelezi za mama, vitendawili vya jioni, ngano za bibi zinazorudia maneno yaleyale katika pambo moja, na michezo ya kuimba na kupiga makofi. Mtoto aliyesikia ngano mia moja anajua kwamba jambo lina mwanzo, katikati na mwisho. Anajua kungoja kitakachofuata. Anajua kuuliza "kwa nini". Huyo akipewa kitabu, anakuta ndani yake rafiki wa zamani. Mtoto asiyezungumziwa, ambaye maneno anayoyasikia mchana kutwa ni "njoo", "kaa", "acha" na "nyamaza", anaweza kukariri herufi zote na asielewe anachokisoma.

Katika familia zetu nyingi ipo pia lugha ya kabila. Tusiwaonee haya watoto wanaofika shuleni wakizungumza Kihaya, Kisukuma, Kihehe au Kimakonde. Mtoto aliyekomaa katika lugha moja ana msingi wa kujifunza ya pili na ya tatu. Anayepata taabu ni yule aliyenyimwa lugha ya nyumbani kwa jina la maendeleo, akapewa vipande vya lugha ya kigeni ambavyo hata mama yake hawezi kuviunganisha.

Baada ya lugha, mikono. Maria Montessori, daktari na Mkatoliki, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, jijini Roma, kwa ajili ya watoto wa familia za wafanyakazi maskini. Alichokigundua ni kwamba mtoto mdogo hufikiri kwa mikono yake. Akipewa kazi halisi, kama vile kumimina maji bila kuyamwaga, kufunga vifungo au kufagia, hutulia na kuzama ndani yake kwa muda ambao hakuna aliyemdhania. Mashirika kadhaa ya watawa hapa nchini yanaendesha chekechea kwa njia hiyo hadi leo. Kazi hizo zote zimo majumbani mwetu bila gharama. Kuchambua maharage, kupepeta, kufinyanga udongo, kukunja kanga, kuchota maji kwa kikombe na kupanga viatu mlangoni ndizo zinazovitayarisha vidole kushika kalamu. Mtoto wa miaka mitatu anayelazimishwa kuandika juu ya mstari anatakiwa kuvuna shamba ambalo halijalimwa.

Hesabu nayo huanzia hapohapo. Tupo watano, leta vijiko vitano. Gawa chapati hii, wewe na dada yako mpate sawasawa. Kikapu kipi ni kizito zaidi? Mchezo wa bao, wa mdako, wa kombolela, hata wa kujipikilisha kwa mchanga na makopo, una ndani yake idadi, zamu, kanuni na haki. Mtoto anayejua kwamba tatu ni vitu vitatu anaweza kufundishwa kujumlisha. Anayeimba namba hadi mia moja pasipo kujua kwamba tano inazidi nne, amejifunza wimbo tu.

Ushahidi kutoka mbali

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno ya wahubiri wasioijua dunia ya ushindani. Basi tuangalie mfano mmoja unaotajwa sana na wachumi. Kati ya mwaka 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi waligawanywa katika makundi mawili. Watoto 58 waliingia darasa la awali wakiwa na umri wa miaka mitatu au minne, na walimu wao waliwatembelea mama zao nyumbani kila wiki. Waliobaki, 65, hawakuingia. Darasani watoto walifundishwa kupanga shughuli watakayoifanya, kuitenda, kisha kuieleza mbele ya wenzao. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wote kwa miongo mingi, hata walipofika umri wa miaka 40.

Mwanzoni waliosoma awali waliwapita wenzao katika vipimo vya akili. Baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti hiyo ilififia. Mtu angedhani kazi yote ilipotea bure. Lakini walipokuwa watu wazima ilionekana kwamba wengi wao zaidi walimaliza sekondari na kupata kazi na kipato kizuri, na wachache zaidi walikamatwa kwa uhalifu. Mwanauchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichunguza takwimu hizo na kueleza kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na tabia walizojengewa: kujitawala, kudumu katika jambo, kuishi vema na wengine. Watoto hao walikuwa wachache na nchi yao si yetu. Hata hivyo fundisho lake linaingia akilini. Yale wazazi wetu wanayoyalipia kwa haraka ndiyo yaliyofifia upesi, na yale wasiyoyauliza kwa mwalimu ndiyo yaliyodumu.

Somo la sahani

Lipo somo lingine ambalo hutangulia hata lugha, nalo ni mwili wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa takriban asilimia 57; Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, viazi na maharage, na ni mikoa yenye waamini wengi wa Kanisa Katoliki. Njaa ya ghalani haiwezi kuwa maelezo ya kutosha. Mtoto anayeshindia uji mtupu wa mahindi bila karanga, maharage, mboga, yai au dagaa, ambaye mama yake huondoka shambani alfajiri na kurudi magharibi, na anayeugua kuhara mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu, hudumaa hata kama gunia limesimama pembeni ya kitanda.

Ubongo hujengwa kwa kasi kubwa kuanzia tumboni mwa mama hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, siku zipatazo 1,000. Mtoto aliyedumaa katika siku hizo huja darasani akiwa amebeba upungufu ambao mwalimu hakuusababisha na ni vigumu sana kuufuta. Kwa hiyo mzazi, hasa baba, anayeuza mayai yote ya banda lake ili kulipa ada ya chekechea, afikiri tena. Yai moja analolibakiza kwa mtoto wake nalo ni ada.

Hekima ya Kanisa juu ya umri huu

Mama Kanisa anaujua umri huu kwa muda mrefu. Kanuni ya 97 ya Sheria za Kanisa inamwita mtoto asiyetimiza miaka saba kwa jina la pekee, mtoto mchanga, na kumhesabu kuwa hawezi kujiwajibikia. Akitimiza miaka saba ndipo anapodhaniwa kuwa na matumizi ya akili. Mtakatifu Papa Pius X, katika hati ya tarehe 8 Agosti 1910 iliyofungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo ya Kwanza, alifundisha kwamba maarifa kamili ya imani hayatakiwi kwao. Inatosha mtoto ajue kadiri ya uwezo wake mafumbo ya lazima kwa wokovu, atofautishe Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na akaribie kwa ibada inayolingana na umri wake. Ikiwa Kanisa halimdai mtoto wa miaka saba ufafanuzi wa kitaalimungu ili ampokee Bwana, ni kipimo gani hiki cha kumdai wa miaka mitano asome aya nzima ili apokelewe shuleni?

Hata hivyo Kanisa halikusema kwamba kabla ya miaka saba hakuna cha kufundishwa. Katekisimu, katika namba 2226, inasema kwamba malezi ya imani kwa wazazi yaanze tangu miaka ya mwanzo kabisa ya mtoto. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, katika namba yake ya tatu, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kuonya kwamba wajibu huo ukikosekana ni vigumu kufidiwa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, kinawaagiza wazazi wa Israeli kuwafundisha watoto maneno ya Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Hiyo ndiyo ratiba ya elimu ya awali. Vipindi vyake ni vinne na vyote viko mikononi mwa mzazi. Mtume Paulo alipoitafuta asili ya imani ya Timotheo, hakumtaja mwalimu wa chuo. Alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Mtoto hujifunza ishara ya msalaba kwa kushikwa mkono. Hujifunza shukrani kwa kusikia watu wazima wakishukuru, msamaha kwa kumwona baba akimwomba mama radhi, na ukweli kwa kuona kwamba nyumbani kwao hakuna anayesema "mwambie sipo" mgeni anapobisha hodi. Masomo hayo hayana mtihani, na hakuna mwalimu wa darasa la kwanza awezaye kuyafidia kwa watoto mia walio mbele yake.

Hoja za wazazi

Tunazijua hoja za wazazi, na hatuzidharau. Wa kwanza atasema: "Padri, mimi ni mama lishe, natoka nyumbani usiku bado haujapambazuka, muda wa ngano nitaupata wapi?" Hoja hii ni ya kweli, na familia nyingi zinaishi hivyo kwa sababu hazina njia nyingine. Kwake tunasema kwamba mazungumzo na mtoto hayahitaji saa ya pekee. Yanaweza kufanyika wakati wa kumenya viazi, wa kumwogesha, wa kutembea kwenda Misa. Robo saa ya mama anayesikiliza ina uzito kuliko saa tatu za katuni kwenye simu. Simu inayomnyamazisha mtoto humnyima kitu anachokihitaji kuliko vyote katika umri huo, yaani sauti inayomjibu.

Wa pili atasema: "Kiingereza ndicho kinachofungua milango ya ajira." Nasi tunajibu kwamba Kiingereza ni chombo kizuri na mtoto akijifunze. Lakini atakijenga juu ya lugha anayoifikiria. Wa tatu atauliza: "Mwanangu akikataliwa kwenye usaili, nitafanyaje?" Huyo ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, kwa sababu hawezi kuubadilisha mfumo peke yake. Hapo ndipo jumuiya nzima ya waamini inapohusika.

Yaliyo mikononi mwetu

Wazazi wajiulize maswali machache kabla ya Januari. Je, mtoto wetu anaweza kueleza kwa maneno yake jambo lililotokea jana? Anaweza kusikiliza hadithi hadi mwisho? Anajua jina lake kamili, la wazazi wake na mahali anapoishi, endapo atapotea? Anaweza kwenda chooni, kunawa, kuvaa na kula bila kusaidiwa? Anaweza kungoja zamu, kugawana, kushindwa mchezo bila kupiga wenzake? Anajua sehemu za mwili wake zisizoguswa na mtu, na ana mtu mzima ambaye hatamwogopa akiguswa? Anaweza kusema "samahani", "asante" na "sijui"? Anaweza kusali sala fupi kwa maneno yake? Mtoto wa namna hiyo yuko tayari, hata kama hajui herufi moja. Na ikiwa baadhi ya hayo bado, miezi iliyobaki ni mingi na kazi hiyo haina ada. Kwa mtoto mwenye ulemavu, maswali hayo yasomwe kwa huruma na kwa kasi yake mwenyewe. Haki yake ya kuandikishwa haipungui.

Parokia nazo zina mali ambayo hazijaitumia yote. Vigango vingi vina majengo yanayofunguliwa Jumapili tu, huku kituo shikizi cha jirani kikifundishia chini ya mwembe. WAWATA wana mikono na maarifa ya kupika uji wenye karanga na maharage. UWAKA wana nguvu za kujenga choo na kutengeneza bembea na vibao vya kuchezea. Wazee wana ngano ambazo zitazikwa pamoja nao tusipowaita. Shirika la Utoto Mtakatifu lipo karibu kila parokia. Mikutano yake iwe mahali pa kucheza, kuimba na kusimuliana Injili, watoto wasikalishwe kwenye mabenchi kama wakatekumeni wadogo.

Kwa wenye shule, zikiwemo za majimbo na za mashirika ya kitawa, tunapendekeza jambo moja la wazi: usaili wa kuingia darasa la kwanza usipime kusoma na kuandika. Mwalimu azungumze na mtoto na mzazi, amjue, aone mahitaji yake, na nafasi zitolewe kwa kigezo kisichomwaibisha mtoto. Shule chache zikianza, hofu ya wazazi itapungua, na vituo vya chekechea vitapata uhuru wa kuwafundisha watoto yale ambayo mtaala wenyewe unayaelekeza. Kwa Serikali, ombi letu ni walimu wa awali waliosomea umri huo, kwa idadi inayokaribia uwiano uliowekwa, kwanza katika kata zisizo na chekechea yoyote binafsi. Mtoto wa kijijini hana soko linalomgombea, kwa hiyo asipokumbukwa na Serikali na Kanisa, hakuna mwingine atakayemkumbuka.

Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yesu mwenyewe alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, na kwamba alikua hivyo nyumbani Nazareti, chini ya Maria na Yosefu. Miaka ile haikuandikiwa kurasa nyingi, wala haikuharakishwa. Tuwaombee wazazi wote ambao Januari hii watawashika watoto wao mkono hadi mlangoni mwa darasa la kwanza. Na wale ambao watoto wao bado wana mwaka mmoja au miwili mbele, waanze jioni hii, kwa hadithi moja na sala moja kabla ya kulala.